Wimbo Ambao Sote Tulijua Kuuitikia Tu

Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Mvua ya mawe imekwisha, na uwanja wangu umejaa majani ya mparachichi yaliyochanika. Hewa ni ya baridi. Mimi nina joto.

Nimejaribu kuketi mara tatu ili niandike, na mara tatu nimeinuka nikaizunguka meza. Mtu wa miaka sabini na minne hapaswi kuzunguka meza. Chai niliyojitilia imepoa. Vidole havinitii, kwa hiyo makosa yoyote mtakayoyaona leo ni ya vidole, si ya akili. Wanafunzi wangu wa zamani mnaoisoma shajara hii mtandaoni, na najua mpo, msicheke.

Nitaeleza kwa utaratibu, kama nilivyowafundisha.

Leo ilikuwa siku ya kumkumbuka Trufosa. Mwezi mmoja umepita tangu tulipomzika kwao Malinya. Kwa asiyemjua, Trufosa alikuwa mwimbaji. Kila Jumamosi alasiri, kwa miaka mingi, aliimba katika ukumbi mdogo wa mabati nyuma ya soko hapa Kakamega. Vijana huuita muziki wake soul. Mimi nimetafuta neno la Kiswahili la kuutajia na sijapata linaloniridhisha. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo, ikipanda kutoka tumboni. Nyuma yake palikuwa na gitaa moja, na chini ya gitaa zilikuwapo ngoma za isukuti, kubwa, ya kati na ndogo, zikipigwa polepole kuliko zinavyopigwa harusini. Aliweza kulibeba neno moja kwa pumzi nzima mpaka mtu aliyeketi kando yako akushike mkono, naye hakujui.

Sisi mashabiki wake tulijiita Waitikiaji. Nyimbo zake zilikwenda kama nyimbo za kwetu zote zinavyokwenda: mmoja anaanzisha, wengi wanaitikia. Yeye alianzisha. Sisi tuliitikia, na tulijivunia kuitikia kwetu kama watu wanavyojivunia fahali wao.

Wimbo wa kufungia alasiri ulikuwa mmoja daima. Kabla ya kuuanza, Trufosa alisimama akatutazama.

"Simu zote mfukoni," alikuwa akisema. "Mkinirekodi, kesho mtaiitikia simu."

Nasi tulitii. Nyimbo zake nyingine zimo redioni na katika simu za watu. Huo mmoja haumo popote.

Hapo ndipo lilipolala kosa letu, na hatukuliona mpaka leo saa tisa na nusu.

Lakini kwanza sina budi kukiri jambo. Sijawahi kuliandika hapa, na wala sijawahi kumwambia mtu.

Aliyempenda Trufosa nyumbani kwetu hakuwa mimi. Alikuwa mke wangu, Dorkasi. Yeye ndiye aliyekuwa akienda ukumbini kila Jumamosi, akirudi na viatu vyenye vumbi na sauti iliyokauka. Mimi nilibaki nyumbani nikisahihisha madaftari. Kisha moyo wake ukadhoofika, na daktari akamkataza kutembea mwendo mrefu. Jumamosi ya kwanza ya kukaa ndani alinitazama kutoka kitandani akasema, "Mwalimu, nenda wewe. Uniletee maneno." Naam, mke wangu naye aliniita Mwalimu, kama mji mzima.

Nikaenda. Nikaketi kiti cha mwisho karibu na mlango, nimevaa koti na tai, nina daftari na penseli. Watu walinikwepa. Walidhani nimetoka ofisi ya leseni. Nikaandika kila neno lililoimbwa, nikarudi nyumbani nikamsomea Dorkasi kwa sauti iliyo wazi, nikizingatia vituo vyote. Alicheka mpaka akashika kifua.

"Unasoma kama tangazo la mazishi," akasema. Kisha akaitikia mwenyewe, polepole, mahali pote palipostahili.

Nilikwenda hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi kwa karibu miaka miwili. Siku moja Trufosa akapita karibu na kiti changu akaniuliza, "Mwalimu, leo umenipa ngapi?" Nikamjibu kwamba bado nasahihisha. Ukumbi mzima ukacheka, naye akacheka kuliko wote. Baadaye, nje, nikamweleza kwamba maneno yalikuwa ya mgonjwa. Tangu siku hiyo, kila aliponiona, aliuliza tu, "Anaendeleaje?"

Mwishowe Dorkasi alilazwa hospitali ya Mukumu. Nilikaa kando ya kitanda chake na daftari lile, nikamsomea wimbo wa kufungia. Akaitikia kwa midomo tu. Kisha akaniambia, "Sasa niimbie. Mara moja."

Wodini mlikuwa na vitanda vinane. Nilivitazama vitanda hivyo. Nilitazama pia mlango, kwa maana mmoja wa wauguzi alikuwa mwanafunzi wangu. Nikamwambia Dorkasi kwamba nitamwimbia tukifika nyumbani.

Hatukufika nyumbani pamoja.

Miaka kumi na mmoja imepita. Hilo ndilo nililokuwa nalo kifuani leo nilipoingia ukumbini, na daftari lilikuwa katika mfuko wa ndani wa koti. Nilikusudia kulitoa litazamwe, kisha nirudi nalo nyumbani. Sikukusudia jambo jingine lolote.

Shughuli ilitangazwa kuanza saa nane. Ikaanza saa tisa. Sitasema zaidi kuhusu hilo.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mwenyekiti wa Waitikiaji ni Jescah, ambaye huuza nguo za mitumba sokoni, mama mwenye mabega mapana na kicheko kinachotangulia mwili wake. Nilimfundisha darasa la sita. Alikuwa amepanga kila kitu vizuri, na namsifu kwa hilo: picha kubwa ya Trufosa imezungushiwa maua, vipaza sauti viwili, wapiga isukuti watatu kutoka Malinya, sufuria za ingokho na obusuma, kuku na ugali wa kwetu, zikisubiri nyuma. Timona, mzee aliyempigia Trufosa gitaa tangu ujana wao, aliketi jukwaani kwenye kiti kilekile. Kando yangu aliketi Bwana Juma wa Ekero, aliyeendesha trekta la miwa mpaka alipostaafu. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri kabisa.

"Asalaam aleikum, Mwalimu," akasema. "Leo tutaitikia mpaka mabati yatoke."

"Wa aleikum salaam," nikamjibu. "Mabati ni ya watu, Bwana Juma."

Zikatolewa hotuba. Moja ilikuwa fupi. Kisha Jescah akasimama akasema kwamba sasa tutauimba ule wimbo, sote, simu mfukoni, kama alivyotaka mwenyewe. Watu wakainuka. Timona akaugusa uzi wa kwanza, na mwili wangu mzima ukasisimka, kwa sababu mwanzo ule wa gitaa sikuwa nimeusikia tangu Dorkasi alipofariki. Ngoma kubwa ikaingia. Ya kati. Ndogo. Pakafika mahali pa mwanzishi.

Kimya.

Gitaa likaendelea peke yake, likapita mahali pale kama mgeni anayepita mlango usio na mtu. Kisha ukafika wakati wetu, nasi mamia ya watu tukaitikia kwa nguvu zote:

*Ingia ndani, moto unawaka.*

Tulikuwa tumemwitikia nani? Timona akarudi mwanzo. Watu wakatazamana. Jescah akamtazama mpiga ngoma kubwa, mpiga ngoma kubwa akamtazama Timona, Timona akatikisa kichwa. Kila mmoja alidhani yuko mwingine anayejua. Wapiga ngoma walidhani ni Waitikiaji. Waitikiaji walidhani ni Timona. Timona, miaka yote ile, alikuwa akisikiliza nyuzi. Kwa muda wa mwezi mzima kamati ilikutana kila wiki, ikajadili viti, maua na kuku, na hakuna aliyeuliza ni nani ataanzisha.

*Ingia ndani, moto unawaka.*

Mara ya pili iliuma kuliko ya kwanza. Mama mmoja mbele yangu akaanza kulia. Mara ya tatu hatukumaliza mstari. Ngoma zikanyamaza moja moja.

"Nani anajua ile mwanzo?" Jescah akauliza kwenye kipaza sauti. "Hata mistari mbili tu."

Mmoja akakumbuka kwamba katika maneno yake mlikuwa na viatu. Mwingine akasema hapana, ilikuwa mvua. Kijana mmoja akataka kutafuta kwenye simu, akazomewa.

"Sisi tulikuwanga tunaitikia tu," akasema mzee mmoja kwa huzuni, na hapo nikaona jinsi jambo lilivyo. Wimbo ule ulikuwa unakufa mbele ya macho yetu, katika ukumbi uliojaa watu wanaoupenda.

Nami nilikuwa nao wote mfukoni.

Nitasema kweli, kwa kuwa shajara isiyo na kweli ni karatasi tu. Nilikaa kimya. Nilihesabu vichwa vya watu kama nilivyovitazama vitanda vile vinane. Nilijiambia kwamba mzee wa kanisa kama mimi haimbi jukwaani nyimbo za ukumbini. Nilijiambia kwamba nitampa Jescah daftari kesho, faraghani, kwa heshima.

Ni Timona aliyenitoa. Aliinua kichwa kutoka kwenye gitaa, akakaza macho mpaka nyuma kabisa, kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango.

"Mwalimu," akasema. "Kitabu ulikuja nayo?"

Watu wote wakageuka. Sikumsahihisha.

Nikasimama, nikatembea hadi mbele, nikamkabidhi Jescah daftari na kugeuka nirudi. Nilidhani nimemaliza. Jescah akafungua, akaligeuzia dirishani, akaligeuza tena.

"Mwalimu, hapa imefutika yote."

Ni kweli, nami sikuwa nimelifungua tangu Mukumu. Niliandika kwa penseli, na Dorkasi alipokuwa akisikiliza alikuwa akifuata mistari kwa kidole. Nyimbo nyingine zote zinasomeka. Ule wa kufungia, alioutaka kila siku, kidole chake kimeufuta. Pamebaki wingu la kijivu na mistari ya bluu ya daftari.

"Lakini wewe unajua," Jescah akasema.

"Najua maneno."

"Basi sema."

Nikasogea kwenye kipaza sauti, nikakohoa, nikasema mstari wa kwanza kwa sauti iliyo wazi: *Nimetoka mbali, viatu mkononi.*

Watu wakaitikia, lakini ngoma zilianguka ovyo, kila moja upande wake. Nikasema wa pili. Pakatokea kicheko mahali fulani. Jescah aliweka mkono kiunoni.

"Mwalimu, hiyo ni imla," akasema, na kipaza sauti kikalipeleka neno lake mpaka sokoni. "Sasa utasema nukta?"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Hata picha ya Trufosa, nadhani.

Kisha akasogea karibu, na hili alilisema bila kipaza sauti, kwa hiyo wengi hawakulisikia. "Darasa la sita ulinisimamisha nje siku nzima juu ya kuimba. Sijaimba mbele ya mtu tangu siku hiyo, naitikia tu. Leo ni zamu yako, Mwalimu."

Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau. Nikasimama pale na makosa yangu mawili, la Mukumu na la darasa la sita, na nikaona kwamba ni kosa moja.

Nikamwomba Timona aanze tena. Akaanza, lakini polepole sana, taratibu kuliko hata Trufosa alivyouimba, huku akinitazama mdomoni. Ngoma kubwa ikafuata pumzi yangu. Pakafika mahali pale pa mwanzishi.

Nikafumba macho, nikaimba.

Sauti yangu ni kama lango lisilotiwa mafuta. Ilikwaruza, ikapotea, ikarudi. *Nimetoka mbali, viatu mkononi.* Na mamia ya watu wakanijibu kwa pamoja, jibu likanigonga kifuani kama mtu anayekusukuma ndani ya nyumba yake kwa furaha:

*Ingia ndani, moto unawaka.*

*Mvua ya mchana imenikuta njiani.*

*Ingia ndani, moto unawaka.*

*Sina zawadi, nimeleta sauti.*

*Ingia ndani, moto unawaka.*

Nimesimama mbele ya madarasa miaka thelathini na minane, nimesomewa risala, nimepewa saa ya ukutani siku ya kustaafu. Sijawahi kujibiwa namna ile.

Mvua ya mawe ikaanza tukiwa kwenye mstari wa nne. Mabati yakavuma, umeme ukakatika, vipaza sauti vikafa. Sikusikika tena hata hatua tano. Basi watu wakasogea. Waliacha viti, wakanizunguka, wa mbele wakisikiliza mstari na kuwapokeza wa nyuma, na jibu likirudi kutoka ukutani mpaka kwangu. Bwana Juma alikuwa ameinua kanzu yake kidogo kwa mikono miwili na alikuwa akicheza isukuti kwa mabega kana kwamba ana miaka ishirini. Tuliuimba mara sita. Mara ya sita nilikuwa nimevua tai. Sijui ilianguka wapi, na sijaitafuta.

Tulipokuwa tukila, Timona akaja kuketi kando yangu, sahani magotini. Nikamwuliza kwa nini leo aliupiga polepole vile.

"Nilikuwa nakungoja," akasema. "Kama zamani."

"Zamani ipi?"

Akanishangaa. "Wewe ulidhani ule wimbo ulikuwanga pole hivyo? Ule ulikuwa wa mbio. Trufosa alisema tupunguze, Mwalimu anaandikia mgonjwa. Tukapunguza mpaka penseli yako ifike. Halafu watu wakapenda, ikabaki."

Akaendelea kula kuku wake.

Niliweka sahani chini. Mwendo ule wa wimbo, ambao mji mzima uliupenda, ambao watu walilia ukipigwa na kuoana ukipigwa, ulikuwa mwendo wa mkono wangu ukimwandikia Dorkasi. Trufosa alijua. Wapiga ngoma walijua. Kila Jumamosi ukumbi mzima ulikuwa ukimngoja mke wangu, naye yuko kitandani, nami sikujua nilichokuwa nimebeba kurudi nyumbani.

Sasa mnaelewa kwa nini siwezi kuketi.

Kabla sijaondoka, Jescah alitaka maneno yachapwe na yapigwe nakala ili kila mmoja awe na karatasi. Nilikataa. Nimekataa mambo mengi maishani kwa sababu mbaya. Hili nimelikataa kwa sababu nzuri. Trufosa hakutaka wimbo wake uitikiwe na watu walioinamia simu, na nadhani hata karatasi asingeitaka. Nimemwambia kwamba kuanzia Jumamosi ijayo, saa tisa kamili, nitakuwa ukumbini, na kila Mwitikiaji atajifunza kuanzisha. Mmoja mmoja. Mbele ya watu. Wa kwanza atakuwa yeye.

"Na nikikosea?" akauliza.

"Utarudia."

"Hunisimamishi nje?"

Nilitaka kumjibu kwa mzaha, nikauacha mzaha. Nikamwomba radhi. Jescah akatazama kando, akapangusa sufuria iliyokwisha kuwa safi, kisha akanifungia kuku wa kubeba nyumbani, mapaja yote mawili.

Yamo mezani hapa, yamefunikwa. Sijayagusa.

Giza linaingia. Nimesoma tena niliyoyaandika na nimeona sentensi mbili ambazo ningezikata katika insha ya mwanafunzi. Naziacha.

Kesho nitaamka mapema. Kabla ya chai, nitakwenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, alipolala Dorkasi, na nitamwimbia wimbo wote, kwa ule mwendo wake. Jirani yangu huwa anakama ng'ombe saa hiyo na atanisikia. Na asikie.

Nyasi zitakuwa zimelowa. Si neno. Wimbo wenyewe unataka viatu mkononi.